Mnamjua nyote, kwa hiyo sitamtaja: amejaza chemshabongo ya riwaya yangu kwa biki

Ndugu wasomaji wa Lubumbashi, naandika nikiwa bado natetemeka kwa hasira, na yeyote anayejiandaa kunijibu kwamba "ni kitabu tu" aishie hapa hapa asiendelee. Katika duru yetu ya kuazimana vitabu kuna bwana mmoja ambaye sina haja ya kumtaja, kwa sababu kila aliyewahi kuketi naye anamjua. Ndiye yule asiyeweza kuona kisanduku cheupe kikabaki cheupe. Ndiye aliyesahihisha kwa kalamu tangazo la msiba lililobandikwa ukutani, huku wafiwa wakimtazama. Nina hakika kwamba siku akifika mbele ya malaika atamwomba biki kwanza, aangalie kama katika kitabu cha uzima hakuna nafasi zilizosahauliwa.

Nilimwazima riwaya ya upelelezi niliyoinunua kwa wauza vitabu wa kando ya barabara, katikati ya mji, kabla mimi mwenyewe sijaisoma, maana alinisihi sana na mkubwa akikusihi hadharani huna njia ya kukataa. Ni riwaya ya aina ile ambayo marehemu ameacha chemshabongo juu ya meza yake, nayo imechapwa humo humo kitabuni ikiwa tupu, ili msomaji aijaze pamoja na mpelelezi, kidokezo baada ya kidokezo, mpaka jina la muuaji lijitokeze lenyewe. Jana akairudisha, imefungwa vizuri ndani ya gazeti, pamoja na shukrani ndefu. Nikafungua ukurasa wa 118.

Ukurasa wa 118, jamani! Visanduku vyote vimejazwa kwa herufi kubwa, wino wa buluu, na mlalo wa saba umepigiwa mistari miwili. Humo katika mlalo wa saba ndimo alimoketi muuaji, jina lake kamili, ametulia kama bwana harusi mbele ya mpiga picha. Pembeni, kwa mwandiko mdogo wa mtu asiye na dhambi, ameandika: "Rahisi mno."

Rahisi mno!

Tangu Arthur Wynne alipochapisha chemshabongo ya kwanza katika gazeti la New York World tarehe 21 Desemba 1913, watu wenye akili wameelewa kwamba visanduku vitupu ni mali ya yule ambaye bado hajavijaza. Dorothy L. Sayers alielewa. Katika kitabu chake cha 1928 mna hadithi ambamo mzee ameficha wosia wake nyuma ya chemshabongo, visanduku vyake vikiwa vimechorwa kwenye sakafu ya kidimbwi cha nyumbani, na msomaji anapewa vidokezo vyote ahangaike sawa na wahusika. Sasa mtieni bwana wetu ndani ya hadithi ile: angeingia kidimbwini na viatu vyake, biki mkononi, kabla hata wapelelezi hawajavua makoti.

Au mchukueni Colin Dexter, ambaye alikuwa bingwa wa mafumbo haya kiasi kwamba mpelelezi wake, Morse, alimpa jina la mshindani wake katika uwanja huo, Sir Jeremy Morse. Kwa miaka mingi jina la kwanza la mpelelezi huyo lilifichwa. Riwaya ya kwanza ilitoka 1975, na wasomaji wakangoja hadi 1996 ndipo wakalipata, tena katika umbo la kidokezo cha chemshabongo chenye herufi tisa. Miaka ishirini na moja watu wamevumilia! Bwana wetu angelipiga mhuri kwenye jalada tangu mwaka wa 1975 na kuandika chini yake "Rahisi mno".

Sitaki kitabu kipya wala radhi. Nataka mnieleze mtu anawezaje kufika ukurasa wa 118, akaona chini yake maandishi yaliyochapwa yanayomkaribisha msomaji achukue penseli, PENSELI, naye akafungua biki. Kurasa zinazobaki zinanitazama, nami nazitazama, na hakuna hata mmoja wetu mwenye la kusema.

—

Mwana_Katuba: Pole sana, yaya. Huyo nimemjua kabla sijamaliza aya ya kwanza. Kwangu alipita jioni moja kunywa chai, na alipoondoka nikakuta amejaza fomu yangu ya shule ya mtoto, mpaka sehemu iliyoandikwa "kwa matumizi ya ofisi pekee".

Kivuli_cha_Jacaranda: Swali moja tu, kwa heshima: je, majibu yake yalikuwa sahihi?

Mwenye uzi: Mama, hilo ndilo linaloniumiza zaidi. Yote yanaingiliana vizuri. Wima na mlalo hakuna herufi inayogongana.

Kivuli_cha_Jacaranda: Basi muuaji si huyo. Mwandishi anayejua kazi yake hawezi kukuachia jina la muuaji ndani ya jedwali katikati ya kitabu. Jina linalopatikana kwa visanduku ni chambo. Aliyeandika chemshabongo ni marehemu, na marehemu alimshuku mtu asiye mwenyewe. Endelea kusoma.

Mwenye uzi: Siendelei. Kila mhusika huyo anapoingia chumbani na kusalimia, mimi naona wino wa buluu.

Mwalimu_wa_Kampemba: Hayo ni mambo madogo. Acheni niwaeleze mateso. Mnamo 1934 Edward Powys Mathers, aliyejiita Torquemada na kutunga mafumbo ya gazeti la Observer la Uingereza, alitoa riwaya fupi ya mauaji yenye kurasa 100 zilizochapwa kwa makusudi bila mpangilio, ili msomaji azipange mwenyewe ndipo ajue nani kamuua nani. Nilipata nakala, nikazitandaza kurasa mezani, nikawa nazihamisha kidogo kidogo kila jioni umeme ukiwapo, nikakaza uso na kuandika alama zangu. Shemeji yangu akaja kutembea. Akaona "fujo". Akazikusanya zote, akazipanga kwa namba kuanzia 1 hadi 100, akazipiga pini, kisha akaniambia: "Shemeji, nimekusaidia."

Mwana_Katuba: Nimecheka mpaka jirani amegonga ukuta.

Mwalimu_wa_Kampemba: Pini tatu. Upande wa kushoto.

Mwenye uzi: Papa Mwalimu, nakupa pole, lakini shemeji yako hakukuandikia "Rahisi mno". Turudi kwenye ukurasa wa 118.

Bibi_Herufi: Kabla hatujarudi, kuna jambo hakuna anayelisema. Nusu ya riwaya hizi zinatufikia zikiwa zimetafsiriwa kwa Kifaransa, na jedwali limeharibika njiani. Chemshabongo ya Kiingereza huweka namba ndani ya kisanduku ambamo neno linaanzia. Ya Kifaransa huweka namba nje, kwenye safu, mara nyingi za Kirumi upande mmoja. Mimi nina kitabu ambacho mpelelezi anapiga kelele kuhusu "namba kumi na nne" ilhali jedwali lililochapwa lina safu kumi tu. Nimetafuta namba kumi na nne hadi nyuma ya jalada. Bwana wenu wa biki angalau alikuta jedwali linalojazika.

Kivuli_cha_Jacaranda: Langu halina jedwali kabisa. Aliyetoa fotokopi aliona ukurasa wenye visanduku vitupu, akadhani ni fomu, akauruka ili kuokoa karatasi. Hadithi nzima watu wanainama juu ya meza na kusema "angalia hapa", nami naangalia, pana sura ya tisa.

Kijana_wa_Ruashi: Jamani, jina la kwanza la Morse ni Endeavour. Herufi tisa. Kwani mlikuwa hamlijui?

Mwana_Katuba: KIJANA.

Bibi_Herufi: Nilikuwa nimesoma hadi kitabu cha nne. Kwa taratibu. Kwa mpangilio.

Mwenye uzi: Mnaona sasa? Huyu naye amelelewa na yule yule! Hivi ndivyo nilivyojisikia nilipofungua ukurasa wa 118.

Kijana_wa_Ruashi: Samahani, wakubwa. Lakini imepita karne ya ishirini yote, nilidhani ruhusa ya kusema ipo.

Bibi_Herufi: Ruhusa inatolewa na aliyebaki nyuma, mwanangu, haitolewi na kalenda.

Mwalimu_wa_Kampemba: Afadhali Kijana. Kuna mwingine, naye mnamjua, ambaye akiazimwa riwaya ya upelelezi husoma sura ya mwisho kwanza, kisha hurudi mwanzo na kukaa kando yako akitabasamu kila mhusika anapotajwa. Hasemi kitu. Anatabasamu tu.

Kivuli_cha_Jacaranda: Huyo wa tabasamu ndiye aliyekaa na kamusi yangu ya Kifaransa. Ile nene, ya kahawia, ninayotafutia maneno ya herufi mbili mbili. Ameiweka nyumbani kwake tangu kabla ya mvua.

Mwana_Katuba: Ya kahawia, yenye mkanda mwekundu mgongoni? Mama, hiyo nimeiona Kamalondo ikiuzwa pamoja na vitabu vya shule.

Kivuli_cha_Jacaranda: Kamalondo sehemu gani?

Mwenye uzi: Naomba tusitoke nje ya mada. Mlalo wa saba, ndugu zangu, mistari miwili...

Kivuli_cha_Jacaranda: Mwana Katuba, sehemu gani? Na aliitisha bei gani?