Tupeane uzoefu: ni jambo gani ulilinyamazia, au ulinyamazishwa, kwa hofu ya kumkwaza mtu?

Mwana wa Bahi (mwanzisha mada)

Ndugu wanajamvi, ibara ya 18 ya Katiba yetu ya mwaka 1977 inampa kila mtu uhuru wa kuwa na maoni na kuyaeleza. Sheria zinazoubana uhuru huo zipo na zimejadiliwa sana, lakini nikitazama maisha yetu ya kila siku hapa Dodoma, naona wanaotuziba midomo mara nyingi zaidi ni jirani, mwajiri na admini wa kundi la WhatsApp. Naomba kila mmoja alete lililomkuta. Naanza na langu.

Katika msiba wa mzee wetu mmoja upande wa Chamwino, watani walifika kama ada inavyotaka. Mmoja wao, mwalimu wa shule ya msingi, alivaa koti na kofia ya marehemu, akashika mkongojo wake, akapita katikati ya wafiwa akihesabu noti kwa kulowesha kidole ulimini, vile vile marehemu alivyozoea, huku akiuliza nani kati yetu amekuja kulia na nani amekuja kukagua ng'ombe. Wajane walicheka na machozi yangali usoni. Kaburi lilipokuwa tayari aliruka ndani, akagoma kutoka mpaka apewe elfu kumi. Kijana mmoja kutoka mjini alirekodi kipande hicho cha kaburini peke yake, akakiweka kwenye stetasi yake, na kufikia jioni watu wasiomjua marehemu wala mtani wake walikuwa wakidai kwamba mwalimu amedhalilisha maiti. Mwajiri akamwandikia barua ya kumtaka ajieleze.

Sioni kwamba mwalimu alikosa adabu. Utani una masharti magumu kuliko kanuni nyingi za kazini: humtanii asiye mtani wako, unamtania mbele ya watu wanaoujua uhusiano wenu, naye ana haki ya kukurudishia zamu yake ikifika, tena pengine kwa ukali zaidi. Simu ilibeba maneno, ikayaacha masharti yake pale makaburini. Tangu hapo nami, ofisini Mtumba tulikokusanyika watu wa kila kabila, nimeacha kabisa kutaniana, kwa kuwa sijui nani anarekodi.

Binti wa Kondoa

Mimi ni kiziwi, na nimeandika hivyo kwa makusudi. Katika semina moja ya kazini, mwezeshaji alitumia muda mrefu kuwaelekeza wenzangu kwamba wasiniite kiziwi, bali waseme "mwenye changamoto ya usikivu". Nilikuja kuyajua hayo nilipoazima daftari la mwenzangu, kwa sababu ukumbini hapakuwa na mkalimani wa lugha ya alama. Chama chetu kinaitwa Chama cha Viziwi Tanzania, na jina hilo hatukubandikwa na adui. Semina ikaisha, wenzangu wakawa na hofu ya kunitaja, na kwa muda fulani walikuwa wakinionyesha kwa kidevu tu, jambo ambalo kwa hakika liliniudhi kuliko neno lolote.

Sisemi kwamba maneno yote ya zamani yarudi. Ndugu zetu wenye ualbino wamelikataa neno zeruzeru, na baada ya mauaji yaliyowapata, hasa Kanda ya Ziwa, asiyeelewa sababu yao hataki tu kuelewa. Ninachoomba ni kwamba anayeitwa aulizwe kwanza, kabla ya mwezeshaji kupanda jukwaani.

Admini wa Nzuguni

Mimi ni mmoja wa hao mnaowalaumu. Nilimtoa kwenye kundi la mtaa mama mmoja aliyeuliza kwa nini kwake bomba limekauka ilhali mtaa wa pili maji yanamwagika barabarani. Tulikuwa tumeandika kwamba kundi ni la misiba, harusi na ulinzi shirikishi, na niliposikia habari za Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 nilihofu kwamba nitakayeulizwa ni mimi. Nina watoto wanaosoma.

Wakili wa Kikuyu

Ndugu Admini, kifungu cha 16 cha sheria hiyo kinamhusu anayechapisha taarifa akijua kwamba ni ya uongo au ya kupotosha, tena kwa nia ya kukashifu, kutisha, kutukana au kupotosha umma. Adhabu yake ni nzito, faini isiyopungua shilingi milioni 5 au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili, na uzito huo ndio unaofanya watu waogope hata pasipowahusu. Kuuliza maji yako wapi si kosa hilo. Kundi ni lenu na mnaweza kumtoa mtu. Hata Marekani, Marekebisho ya Kwanza ya Katiba yao, ya mwaka 1791, yanaizuia serikali na wala hayamzuii mwenye kundi. Lakini basi semeni kwamba mmeamua wenyewe, msiisingizie sheria.

Bodaboda Makole

Sisi wa kijiweni tumejifunza kwa majirani zetu wa Bungeni. Mbunge ana kinga ya ibara ya 100, ila akitumia lugha ya kuudhi anaamriwa afute kauli, naye anaweza kuifuta na kuendelea kuchangia. Nasi mtu akivuka mpaka, wote tunapaza sauti: "Futa kauli!" Akifuta, yamekwisha, akikataa, anatununulia kahawa na kashata wote tuliopo, na hafukuzwi.

Kanuni hiyo ilipata mtihani siku kiongozi mmoja wa mtaa alipokaa nasi, akasema kwamba vijana wa bodaboda wote ni vibaka. Hakuna aliyethubutu kufungua kinywa isipokuwa mzee muuza kahawa, aliyemwambia kwa upole, "Mheshimiwa, futa kauli." Alicheka, akalipa kahawa ya wote bila kufuta neno hata moja. Hajarudi kukaa nasi tangu siku hiyo, na baadhi ya wenzangu wanamlaumu mzee kwa kutupotezea mtu ambaye angetusaidia kupata eneo la maegesho.