Nyumba yenye rehani: je, wakili wa benki anatosha?

Swali: Ndugu zangu, ninanunua nyumba Dodoma kwa mkopo, lakini hati ya muuzaji bado imewekwa rehani katika benki nyingine. Je, wakili wa benki yangu anatosha?

Jibu: Hatoshi, ndugu, kwa sababu yeye analinda fedha za benki. Tafuta wako, afanye upekuzi, yaani akague kumbukumbu za hati hiyo kwa Msajili wa Hati, kabla hujatoa hata arubuni (malipo ya awali).

Jibu: Naongeza kwamba benki yako ilipe deni la muuzaji moja kwa moja kwa benki yake, ili rehani ifutwe na hati ikabidhiwe, badala ya fedha kupitia mikononi mwake. Kama muuzaji ni mtu wa ndoa, Sheria ya Ndoa ya 1971 inamzuia kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzi wake.

Muulizaji: Mkewe yuko Mwanza, nitadai ridhaa ya maandishi.