Mjadala: Saa mpya ya GPS imetoka mbichi. Tuendelee kuitumia kama mwamuzi wa klabu?

Mleta mada

Wadau wa jogingi hapa Tanga, salaam. Naanza kwa kukiri. Mwezi uliopita klabu yetu ilinipa jezi ya mtu aliyefanya umbali mrefu kuliko wote, yaani kukimbia, baiskeli na kuogelea vikijumlishwa. Ile jezi si halali yangu. Kama kilomita 6 kati ya zile nilizoandikiwa sikuziogelea mimi, imeziogelea saa.

Saa yenyewe ni hii ya michezo mingi iliyotoka juzi juzi. Jina silitaji, sitaki uzi ugeuke Simba na Yanga. Niliinunua milioni moja na laki nane na nimekaa nayo miezi mitatu, kwa hiyo siongei ya kusikia.

Pale Raskazone tunapoogelea tumefunga kamba yenye maboya, mita 50, tuliipima kwa futi ya fundi ujenzi siku ya bamvua maji yamekupwa kabisa. Ukienda na kurudi mara kumi umemaliza kilomita moja, haina ubishi. Siku ya kwanza saa ikaniandikia mita 1,340. Ya pili 1,290. Siku bahari ilipochafuka kidogo, 1,460. Ukifungua ramani kwenye simu unaona mstari unarukaruka kama kuku aliyechinjwa: natoka majini, napanda ufukweni, nakata ukuta wa nyumba ya watu, narudi baharini. Mwezi mzima niliogelea mara kumi na saba. Pigeni hesabu wenyewe.

Hilo lingekuwa peke yake ningenyamaza. Kuna kioo. Saa ya michezo mingi maana yake ni kwamba ukitoka majini unaruka kwenye baiskeli na saa inahamia mchezo wa pili. Jumamosi moja nimesimama ufukweni, kaptula inachuruzika, nabonyeza kitufe cha kuhama. Kioo kikaleta swali: uhifadhi au ufute? Kabla sijagusa kitu, tone la maji ya chumvi likateremka polepole kutoka juu ya kioo mpaka kwenye neno la kufuta, likatulia hapo. Saa ikatii. Dakika arobaini za asubuhi yangu zimefutwa na tone.

La tatu ni mwinuko. Mnaijua barabara ya Raskazone, hata baiskeli isiyo na gia haikusumbui. Saa inasema siku hiyo nimepanda mita 180. Nilipanda nini, mnazi?

Nikamwandikia muuzaji, naye akawauliza wenye saa. Jibu: "Itarekebishwa kwenye toleo lijalo la programu." Toleo likaja, likala bando langu la wiki, likapunguza kidogo kosa la kuogelea, halafu likaleta jipya: sasa saa inajizima nikihama kutoka baiskeli kwenda kukimbia. Mama ntilie akikuletea chapati mbichi akakwambia kamalizie kuipika kwako, utamlipa?

Kwa hiyo hoja yangu ni moja. Hizi saa zinauzwa hazijaiva, sisi tunanunua na papo hapo tunafanywa wajaribu wa bure. Kitu ambacho namba zake zinabadilika kwa apdeti wakati miguu yangu ni ile ile hakifai kuwa mwamuzi wa klabu. Nipingeni.

Fundi wa simu, Ngamiani

Mkuu, nakupinga nusu.

Kuogelea usiilaumu saa, laumu maji. Setilaiti za GPS ziko zaidi ya kilomita 20,000 juu, mawimbi yanakufikia yamechoka, dhaifu mno. Maji yanayazuia hata yakiwa ya kina cha vidole viwili. Ukiogelea, mkono uko chini muda mwingi, unachungulia hewani sekunde moja tu unapourudisha mbele. Hapo saa inadaka kipande cha mawimbi, inakisia ulipo, mkono unazama tena. Mwisho inaunganisha makisio. Na zigizaga haipunguzi umbali hata siku moja, inaongeza tu. Ndiyo maana waogeleaji wa baharini wengi huiweka saa ndani ya kofia ya kuogelea, nyuma ya kichwa, au wanaifunga kwenye boya wanalolivuta. Jaribu hivyo, kisha urudi hapa.

Kwenye kukimbia, hizi mpya zinasikiliza masafa mawili ya mawimbi, na si GPS ya Marekani peke yake, kuna Galileo ya Ulaya, GLONASS ya Urusi na BeiDou ya China. Hapa Tanga hatuna maghorofa ya kurudisha mawimbi kama mwangwi, labda miti mikubwa ya kule Bombo ikiwa imelowa. Wazee watakumbuka kwamba mpaka Mei 2000 Wamarekani walikuwa wanayaharibu makusudi mawimbi ya raia, kosa la mita mia halikuwa ajabu. Tumetoka mbali.

Nakuuliza swali: unawasha data kabla ya kukimbia? Saa inapakua kupitia simu utabiri wa mahali setilaiti zitakapokuwa siku zijazo. Ukikosa bando, inabidi ikae isikilize setilaiti zenyewe. Nyie mnabonyeza kitufe mkiwa mmeshaanza mbio, halafu nusu kilomita ya kwanza imepotea mnasema saa mbovu.

Kioo cha kufuta kazi ya mtu kwa tone, hapo sina utetezi. Maji ya chumvi yanapitisha umeme, kioo cha kugusa kinayaona kama kidole. Huo ni ubuni mbaya. Kufuta kulitakiwa kuwe kwa kitufe tu.

Mweka hazina wa klabu

Nimesoma kwa uchungu maana jezi imeshalipiwa.

Mleta mada, unasema saa isiwe mwamuzi. Nani awe? Kabla ya saa tulikuwa tunaandikiana kwa mdomo kwenye daftari. Tulikuwa na ndugu yetu mmoja aliyekuwa akijaza kilomita 20 kila Jumapili, na kila Jumapili wapita njia wanamwona kibarazani Barabara ya Ishirini anakunywa kahawa na kashata. Saa inakosea, lakini haina nia. Binadamu ana nia.

Muuguzi, Chumbageni

Shikamooni wakubwa, wengine habari zenu. Mnabishana umbali, mimi nina wasiwasi na mapigo ya moyo, kwa sababu hapo mtu anaweza kujiumiza.

Wiki tatu zilizopita nakimbia mwendo wa kawaida, saa inasema moyo wangu unapiga 174. Nikasimama, nikaweka vidole shingoni, sekunde 15 nikahesabu 37. Mara nne ni 148. Nikaangalia kile kipengele cha hatua: 174 kwa dakika. Saa ilikuwa inahesabu miguu yangu na kuiita moyo! Ile taa ya kijani nyuma ya saa inamulika damu chini ya ngozi na kusoma jinsi mwanga unavyorudi kila damu inapopita. Mkono ukitikisika kwa mpigo wa hatua, saa inashika mtikisiko badala ya damu. Mkanda ukiwa umelegea ni balaa zaidi.

Kijana wa Donge

Dada, si mtikisiko, ni ngozi zetu. Saa zimejaribiwa kwenye mikono myeupe. Melanini, ile rangi ya ngozi, inameza mwanga wa kijani, hiyo ni fizikia.

Muuguzi, Chumbageni

Mdogo wangu, nilitegemea utasema hivyo, na huna kosa kuwa na shaka. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan walionyesha kwamba kile kifaa cha kubana kidoleni tunachopimia oksijeni hospitali kilikosa kugundua upungufu kwa wagonjwa weusi karibu mara tatu kuliko kwa weupe. Hiyo ni kweli na ni aibu. Ila mwaka huo huo Chuo Kikuu cha Duke, kulekule Marekani, kilipima saa na bangili za mapigo ya moyo kwa watu wa rangi mbalimbali za ngozi. Hawakuona tofauti ya maana kwa rangi. Walichokiona ni kwamba mtu akijishughulisha kosa linapanda, kwa wastani asilimia 30 zaidi kuliko akiwa ametulia. Kwa hiyo kwa mapigo ya moyo ya mbio, kwanza kaza mkanda, upandishe juu kidogo ya kifundo. Ukitaka uhakika vaa mkanda wa kifuani, ule unasoma umeme wa moyo wenyewe. Namba ya oksijeni ya saa mimi binafsi siiangalii.

Kwa mleta mada: ile saa yako inakwambia kiwango chako kinashuka kila kaskazi ikianza? Yangu ndiyo. Januari na Februari joto na unyevu vinapandisha moyo kwa mwendo ule ule, saa inadhani nimezembea. Nyingine zinarekebisha kwa kuangalia joto, lakini joto lenyewe zinalichukua kutoka simuni. Simu ikiwa imezimwa data, saa inadhani niko Ulaya.

Mzee wa baiskeli, Mikanjuni

Marahaba binti. Filbert Bayi alikimbia mita 1500 kule Christchurch, New Zealand, mwaka 1974 kwa dakika 3 na sekunde 32.2, rekodi ya dunia. Mkononi hakuwa na setilaiti. Nyie mnakimbia na kutazama mkono kama mnasubiri basi.

Kijana wa Donge

Mzee wangu shikamoo. Bayi hakuhitaji setilaiti kwa sababu uwanja ulikuwa umepimwa na pembeni kuna watu na mitambo ya muda. Hata Alphonce Simbu kwenye marathoni ya ubingwa wa dunia pale Tokyo 2025, yeye na Mjerumani wote waliandikiwa saa 2:09:48, tofauti sekunde 0.03. Iliamua kamera ya mstarini, wala hakuna aliyewauliza saa zao za mkononi zinasemaje. Kwa hiyo nakubaliana na mleta mada, ila kwa sababu nyingine. Saa ni ya mazoezi. Ushindi una vifaa vyake.

Mleta mada

Nimekaa nikasoma yote. Fundi, asante, kweli naanzaga mbio kabla saa haijashika setilaiti, nimejirekebisha. Na juzi nimeiweka kwenye kofia: kamba ile ile, kilomita moja, saa ikasema 1,030. Nakubali hapo nilikosea kuilaumu.

Lakini angalieni nilivyolazimika kulipata hilo. Kwenye boksi kuna picha ya mtu anaogelea baharini, saa iko mkononi. Hakuna palipoandikwa "iweke kichwani." Wanajua maji yanazuia mawimbi, wanajua toka siku ya kwanza, na bado picha ni ya mkononi. Hiyo ndiyo naita kuuza mbichi: kumwachia mnunuzi agundue mwenyewe, kwa pesa yake, mipaka ambayo mtengenezaji anaijua.

Mwinuko je? Hamjanijibu.

Fundi wa simu, Ngamiani

Mwinuko ni barometa. Saa inapima mgandamizo wa hewa. Mgandamizo ukishuka milibari 1, kwa usawa wa bahari, inahesabu umepanda kama mita 8. Sasa sikiliza, hili wengi hawalijui. Huku kwetu karibu na ikweta, mgandamizo unapanda na kushuka mara mbili kwa siku, kila siku, kama maji kujaa na kupwa. Uko juu kwenye saa nne asubuhi, uko chini kwenye saa kumi jioni, tofauti milibari kama 3. Ukikaa kibarazani na saa mkononi kuanzia saa nne hadi saa kumi hujasogea hata hatua, yenyewe inaweza kukupandisha mita ishirini na kitu.

Ila 180 ni nyingi. Nadhani kile kitundu cha pembeni kinachopitisha hewa kimeziba chumvi. Ukitoka baharini usiifute tu kwa kanga, iloweke kwenye maji yasiyo na chumvi, na usichokonoe kwa sindano.

Mleta mada

Nimeiloweka. Kutoka 180 imeshuka mpaka 35. Chumvi ilikuwepo, naapa ilitoka kama unga.

Msimamo wangu haujabadilika kwa jezi.

Mweka hazina wa klabu

Basi tufanye hivi. Njia za mbio zikipimwa rasmi hutumia baiskeli iliyokaguliwa kwanza kwenye kipande chenye urefu unaojulikana, halafu wanaongeza mita 1 kwa kila kilomita ili njia isije ikawa fupi. Mzee wa Mikanjuni ana baiskeli, ana nidhamu ya kuhesabu, na ametutukana vya kutosha. Jumamosi saa kumi na mbili na nusu asubuhi tukutane Mkwakwani, tupime mzunguko mmoja wa kilomita 5, tuuwekee alama za rangi. Kuanzia mwezi ujao mashindano ni mizunguko ya hapo, shahidi na daftari. Kuogelea ni kamba, anahesabu mtu aliyekaa nchi kavu. Saa kila mtu avae yake kwa faida yake.

Mzee wa baiskeli, Mikanjuni

Nitakuja. Mnitafutie pampu.

Mleta mada

Nimekubali. Jezi nairudisha, apewe aliyekuwa wa pili.

Mchangiaji mgeni

Wa pili ndiye mimi. Sikutumia saa yenye kosa la kuogelea kwa sababu kuogelea kwenyewe sijui. Jezi ifuliwe, nitaipitia hiyo hiyo Jumamosi.