Umbali wa London hadi Tokyo na saa za safari kwa ndege

Muulizaji:
Ndugu zangu, njia fupi kabisa ya angani kati ya London na Tokyo ina takriban kilomita 9,600, na ndege kubwa za abiria huenda karibu kilomita 900 kwa saa. Mbona basi tiketi zinaonyesha safari ya saa 14 hivi, badala ya 11 au 12?

Mchangiaji wa kwanza:
Hesabu yako ni sahihi, ndugu, ila njia hiyo hupita juu ya Siberia, na tangu mwaka 2022 mashirika ya Uingereza yamefungiwa anga la Urusi, huku ya Japani nayo yakilikwepa. Ndege zitokazo London huzungukia kusini kupitia Asia ya Kati. Linalonivutia zaidi ni kwamba nyingi zinazorudi kutoka Tokyo huanza kwa kuelekea mashariki, zikavuka Pasifiki ya Kaskazini na kupita upande wa Alaska na Greenland, ili zisukumwe na upepo mkali wa angani badala ya kupambana nao.

Mchangiaji wa pili:
Niongeze kwamba saa zilizoandikwa kwenye tiketi ni za kila mji. Wakati wa kiangazi, ukiondoka London saa sita mchana ukasafiri saa 14, huko London itakuwa saa nane usiku, lakini Tokyo, iliyo mbele kwa saa 8, itakuwa saa nne asubuhi. Majira ya baridi tofauti hiyo huwa saa 9.