Mume wangu anakatika pumzi usingizini: upasuaji wa koo utaisaidia na mishipa ya damu?

Mama Wawili: Habari zenu wakuu. Naomba ushauri, hasa kwa waliopitia. Mume wangu ana miaka 44. Kukoroma kwake nimekuzoea, ila usiku mmoja nilikaa macho nikimmulika kwa tochi ya simu. Kifua kinapanda, tumbo linavuta, puani hewa haitoki. Nikahesabu mpaka 30, ndipo akagutuka kwa kishindo kama mtu aliyeibuka majini, akaendelea kulala. Kipimo cha usingizi kilionyesha pumzi inakatika au kupungua mara 38 kwa saa. Presha haishuki japo anameza dawa mbili. Mashine ya CPAP, ile inayosukuma hewa kooni kupitia barakoa, ameijaribu miezi minne, kila usiku barakoa anaing'oa. Daktari wa koo anasema mafindofindo ni makubwa mno, yatolewe, kisha kilimi na kaakaa laini virekebishwe. Itamsaidia moyo na mishipa, au itazima kukoroma tu?

Nesi wa Zamu: Pole sana dada. Kinachoumiza mishipa si kelele. Kila pumzi ikikatika oksijeni inashuka, mwili unashtuka, presha inaruka, halafu oksijeni inarudi ghafla. Usiku kucha hivyo hivyo! Utando wa ndani wa mshipa unachoka, unatoa kidogo ile naitriki oksaidi inayoufanya mshipa utanuke. Kwa hiyo mishipa itanufaika kama kukatika pumzi kumepungua kweli. Mafindofindo makubwa ni dalili nzuri kwa upasuaji huu. Unene mwingi hupunguza matumaini.

Mzee wa Randa: Shemeji, mimi nilipasuliwa. Siku ya tano kumeza mate ilikuwa kama kumeza wembe. Siku ya nane nikatema damu mbichi, nikarudishwa hospitali usiku ule ule, kwa hiyo wiki mbili za kwanza msisafiri mbali. Kukoroma kuliisha kabisa, nikajiona nimepona, kipimo cha marudio nikakipuuza. Nilipokuja kupimwa, nilikuwa nimetoka mara 46 kwa saa hadi 21 tu. Nilikuwa nakatika pumzi kimyakimya, na mke wangu hakuwa na cha kumwamsha tena. Nikaongezewa kifaa cha mdomoni cha kuvuta taya la chini mbele, sasa niko 9.

Nuru: Hiyo 21 si bahati mbaya yako peke yako mzee. Utafiti wa Uswidi wa 2013 ulipata wastani kushuka kutoka 53 hadi 21 miezi sita baada ya upasuaji. Nafuu kubwa, ila si kupona.

Mama Wawili: Asanteni mno. Hilo la kukatika kimyakimya limenitisha, maana mimi ningelala fofofo. Tarehe ya kipimo cha marudio nitaidai kabla hajapasuliwa.

Nesi wa Zamu: Idai, miezi mitatu hadi sita baadaye. Dawa za presha asiache hata koo likipona, mpaka daktari wake aseme. Na daktari wa nusu kaputi ajue mapema kuwa anakatika pumzi, kwa sababu dawa kali za maumivu zinaweza kumzidishia usiku ule wa kwanza.