Kiangazi Chicago na watoto, twende wapi?

Hamjambo ndugu zangu. Wapwa zangu wanakuja Julai kutoka Tanga, wa miaka 7 na 10. Gari sina, na mfuko si mzito. Niwapeleke wapi?

Jibu: Dada, anza Millennium Park, penye chemchemi ya Crown Fountain. Ni minara miwili yenye skrini, ya mita 15 hivi. Nyuso za watu zinatokea na kutema maji, watoto wanaoga chini yake. Bure kabisa! Wangu walikataa kutoka mpaka midomo ikatetemeka. Beba taulo na nguo kavu.

Jibu: Lincoln Park Zoo, bustani ya wanyama, pia haina kiingilio. Panda basi 151.

Muulizaji: Asanteni sana. Na kwenye Ziwa Michigan je, wanaweza kuogelea?

Jibu: Ndiyo, Montrose Beach pazuri. Tazama bendera kwanza: ikiwa nyekundu, msiingie majini.