MREJESHO: Kamelia nilizopanda vuli zimechanua

Wakuu, salaam. Mwaka jana niliwauliza kama kamelia na vichaka vingine vya maua vipandwe Oktoba au visubiri Machi, kwenye bustani kubwa ninayoitunza Kent, Uingereza. Mlioshauri Oktoba, asanteni sana. Udongo ulikuwa bado na joto la kiangazi na mvua zimeanza, hivyo mizizi ilishika mapema. Donge la mizizi nililiacha lilingane na uso wa ardhi, maana kamelia haipendi kufukiwa kina.

Ila siri kubwa ni maji. Matumba hutungwa mwishoni mwa kiangazi; mti ukipata kiu kati ya Julai na Septemba, yanapukutika kabla ya kufunguka. Nilimwagilia maji ya mvua tu, kwani ya bomba huku yana chokaa, na kamelia, kama ndugu yake mchai, hutaka udongo wenye asidi.

Sasa ni Novemba na sasanqua, aina ya kamelia, zimejaa maua ya rangi ya waridi yanayonukia, raha kweli! Japonica, aina nyingine ya kamelia, bado zina matumba, zitafuata baada ya baridi kali. Hizo msizielekeze mashariki: jua la asubuhi likipiga matumba yenye barafu, yanaungua.

Hidrenjia, vile vichaka vingine vya maua, zimeshika zote isipokuwa moja iliyotafunwa na sungura.